Umeme wa Gari Usizime Taa ya Jirani

Limeanza kuonekana katika mitaa ya miji yetu jambo ambalo si zamani lilikuwa likisimuliwa kama habari za nchi za mbali. Mtu anarudi kutoka kazini jioni, anaingiza gari lake uani, anavuta waya mnene kutoka ukutani na kuuchomeka ubavuni mwa gari, kisha anaingia ndani kula chakula na watoto wake. Hakupita kituo cha mafuta wala hakupanga foleni. Kunapokucha gari limekwisha shiba. Gari hilo ni la umeme, na kisanduku kile kilichobandikwa ukutani ndicho chaja.

Mimi si miongoni mwa wanaolichukia jambo hili. Nalifurahia, na nitaeleza sababu zangu. Lakini furaha isiyo na utaratibu huzaa majuto, na dalili za majuto zimekwisha anza kuonekana. Makala haya yana neno moja tu la kusema, nalo ni hili: kufunga chaja ya gari nyumbani si jambo la faragha la mwenye nyumba. Ni jambo la mtaa mzima, kwa sababu transfoma ni ya mtaa mzima. Anayeifunga pasipo kumwarifu mtu, kwa mkono wa fundi wa kuokoteza, anajitwalia kitu ambacho si chake peke yake. Na vyombo vya umma vinavyomtazama akifanya hivyo bila ya kumwelekeza vinashiriki kosa lake.

Nitatoa mfano ninaoujua kwa macho yangu. Katika mtaa ninaokaa tunategemea transfoma moja ndogo iliyotundikwa nguzoni karibu na banda la mkaa. Kwa miaka mingi ilituhudumia bila ya kelele. Kisha jirani mmoja akanunua gari la umeme na kufunga chaja kubwa. Haukupita muda mrefu, wa pili akafuata. Tangu hapo, kila ilipofika saa moja ya usiku, taa zilianza kufifia, feni zikazunguka kwa uchovu, na televisheni zikazimika na kuwaka zenyewe. Mama mmoja anayesomesha watoto wake kwa kuuza barafu na juisi akaunguliwa na mota ya friji. Mwalimu wa shule ya msingi, aliyezoea kusahihisha madaftari ya wanafunzi baada ya chakula cha usiku, akawa anasahihisha kwa tochi ya simu. Hatimaye usiku mmoja transfoma ikapiga mshindo, na mtaa mzima ukakaa gizani kwa siku tatu.

Majirani wale wawili si watu wabaya. Ni waungwana, hufika msibani mapema na kuchangia bila ya kusukumwa. Hawakujua. Hakuna aliyewauliza lolote walipokuwa wakifunga vifaa vyao, na hakuna aliyewaambia lolote. Lakini yule mama hakupata hata senti moja ya fidia, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kosa lilikuwa la nani. Hapo ndipo penye uchungu. Hasara ikiwa haina mwenyewe, huangukia mabega ya mnyonge.

HESABU HAIDANGANYI

Yafaa tuitazame hesabu, maana wasomaji wengi wa ukurasa huu ni walimu na watumishi wa umma, watu waliozoea kalamu na tarakimu.

Umeme unaoingia katika nyumba nyingi nchini ni wa njia moja, wenye volti 230. Gari likichajiwa kwa soketi ya kawaida ya ukutani, kwa waya wa kubebeka wenye mkondo wa ampea 10, hutumia kilowati 2.3. Hiyo ni sawa na birika la umeme. Tofauti ni kwamba birika huwashwa kwa dakika tano, na gari huchajiwa kwa saa nyingi mfululizo. Ama chaja kubwa ya ukutani yenye ampea 32 hutumia kilowati 7.4. Kwa umeme huo mtu anaweza kuwasha taa zaidi ya 800 za wati 9. Je, katika mtaa wako ziko taa ngapi?

Sasa tuipandie ngazi transfoma yenyewe. Transfoma ya kVA 50, ambayo ni ya kawaida katika mitaa midogo, hugawa nguvu zake katika njia tatu, kila njia ikipata takriban kVA 16 na ushei. Nyumba zote zilizounganishwa katika njia moja zinagawana hizo 16. Chaja mbili kubwa zikiwa juu ya njia hiyo moja zinachukua kilowati 14.8. Kinachobaki kwa nyumba nyingine zote ni kama kilowati 2, yaani birika moja. Hata transfoma ya kVA 100, inayoonekana kuwa kubwa, humalizwa na chaja kama hizo 13 zikiwashwa kwa pamoja, kabla hata ya balozi wa nyumba kumi kuwasha taa yake.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaotuliza watu kwa kusema kwamba tangu Bwawa la Mwalimu Nyerere likamilike hatuna tena tatizo la umeme. Ni kweli kwamba bwawa lile la Mto Rufiji ni kazi kubwa ya kujivunia. Lina mashine 9, kila moja ya megawati 235, jumla megawati 2,115, na mashine ya kwanza ilianza kuingiza umeme katika gridi ya taifa mwezi Februari 2024. Lakini umeme mwingi wa Rufiji haupiti katika transfoma ndogo ya mtaani, kama vile maji mengi ya mto hayapiti katika mpira mwembamba. Mtu hawezi kuoga mtoni akiwa ameshika bomba la uani. Shida ya chaja za nyumbani haiko bwawani. Iko juu ya nguzo, hatua mia moja kutoka mlangoni kwako.

"NIMELIPIA LUKU YANGU"

Wapo watakaojibu kwa ukali: "Nyumba ni yangu, gari ni langu, na umeme nimeulipia. Nani wa kuniuliza?" Jibu hili linasikika kuwa zito, lakini halina uzito. Fedha unayoweka katika LUKU hulipia uniti unazotumia. Hailipii haki ya kuitwaa nafasi ya jirani katika transfoma. Kisima cha kijiji ni cha wote, na kila mtu hulipa kwa debe. Hata hivyo hakuna mzee yeyote wa kijiji atakayemruhusu mtu mmoja afunge pampu yake katika kisima hicho na kukikausha kila jioni, ati kwa sababu ana fedha ya kulipia madebe yote. Huo si uhuru. Huo ni ubinafsi uliovaa koti la haki.

Tena, ukweli ni kwamba chaja kubwa mara nyingi haihitajiki kabisa. Mtumishi anayekwenda kazini na kurudi, mwendo wa kilomita 40 kwa siku, akiwa na gari dogo la umeme linalotumia kiasi cha uniti 15 kwa kilomita 100, anahitaji uniti 6 tu kila usiku. Uniti hizo hujaa kwa kilowati 2.3 katika muda usiofika saa tatu. Gari linalala uani saa kumi. Haraka ni ya nini? Zaidi ya hayo, anayeamua kasi ya kuchaji ni gari lenyewe, wala si kisanduku cha ukutani. Magari ya Nissan Leaf ya awali, yaliyoanza kuuzwa mwaka 2010 yakiwa na betri ya uniti 24, mengi yake hupokea kilowati 3.3 tu. Mwenye gari kama hilo anayeuziwa chaja ya kilowati 7.4 amenunua viatu vya namba kumi kwa mguu wa namba sita. Mfanyabiashara aliyemuuzia anajua, naye ananyamaza.

FUNDI NA MOTO

Nimesema juu ya taa ya jirani. Sasa niseme juu ya paa la mwenye chaja mwenyewe.

Walimu wa fizikia watanishuhudia kwamba joto katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo. Mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Nyaya za soketi katika nyumba zetu kwa kawaida ni za milimita za mraba 2.5, tena mara nyingi soketi kadhaa zimeunganishwa katika waya mmoja. Kiungo kilicholegea, ambacho hakikumsumbua mtu kwa miaka kumi ya kupiga pasi, kitayeyuka katika wiki ya kwanza ya kuchaji gari usiku kucha. Na moto wa aina hiyo una tabia mbaya: huanza wakati watu wamelala.

Lipo jambo jingine la hatari zaidi. Magari mengi yanayoingia nchini ni yale yaliyokwisha tumika Japani. Gari la umeme likitoka huko huja na waya wake wa kuchajia, uliotengenezwa kwa ajili ya nchi ambayo umeme wa kawaida wa nyumbani ni volti 100, na ule wa kuchajia magari ni volti 200. Plagi yake haiingii katika soketi zetu. Fundi wa mtaani anafanya nini? Anaikata, anafunga plagi ya kwetu, anapokea elfu kumi yake na kwenda zake. Kwa kitendo hicho kimoja ameondoa ulinzi alioupanga mtengenezaji, na ameacha nyuma yake kifaa ambacho hakuna mtu aliyekipima kwa volti 230.

Ufungaji wa halali haukufichwa gizani. Chaja inatakiwa kuwa na njia yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, isigawane waya na friji wala pasi. Kwa chaja ya ampea 32 waya usiwe chini ya milimita za mraba 6, na njia ikiwa ndefu uwe mnene zaidi. Waya wa ardhini uwe wa kweli, wenye fimbo ya shaba iliyozama katika udongo wenye unyevu, na upimwe kwa kifaa, si kwa macho. Kiwepo kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kukata mara uvujaji unapofika miliampea 30, kabla mkondo haujamuua mtu. Tena kiwe cha aina inayofaa, kwa kuwa gari la umeme linaweza kuvujisha mkondo mnyoofu kama ule wa betri, na mkondo huo hukipumbaza kifaa cha kawaida kisikate kinapotakiwa kukata.

Tujiulize kwa unyofu: ni nyumba ngapi katika miji yetu zina waya wa ardhini ulio hai? Fimbo zile zilizochomekwa siku ya kuunganishiwa umeme, nyingi zimekwisha liwa na kutu, nyingine zimeng'olewa na wezi wa vyuma chakavu. Mtoto anayecheza karibu na gari linalochajiwa, miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji ya mvua, anategemea fimbo hiyo pasipo kujua kwamba haipo.

Sheria ya Umeme tunayo tangu mwaka 2008, na EWURA hutoa leseni kwa mafundi wa kufunga umeme. Kwa hiyo hatulii kwa kukosa sheria. Tunalia kwa kukosa watu wa kuitii na watu wa kuisimamia. Fundi mwenye leseni anaonekana ghali mpaka siku nyumba inapoungua.

NA MPANGAJI JE?

Mpaka hapa nimesema juu ya wenye magari na nyua. Nitakuwa nimewadhulumu wengi kama nitaishia hapo, maana umeme wa vyombo vya usafiri hautaenea nchini kwa magari ya wakubwa. Utaenea kwa bajaji na pikipiki. Kijana wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya umeme anaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Hana ua, hana ukuta wa kubandika chaja. Jioni anaichomoa betri, anaiingiza ndani na kuichaji kando ya kitanda, mahali wanapolala mkewe na mtoto.

Betri hizi za lithiamu, zikiwa nzuri na chaja yake ikiwa ndiyo yenyewe, ni salama. Zikiwa zimefunguliwa na kuungwaungwa, au zikichajiwa kwa chaja isiyo yake, huweza kulipuka moto usiozimika kwa ndoo ya maji. Jiji la New York, lenye kikosi cha zimamoto kinachosifika duniani, lilipoteza watu 18 mwaka 2023 kwa moto wa betri za namna hii, nyingi zikiwa za baiskeli za umeme za vijana wapeleka vyakula. Sisi, ambao gari la zimamoto huchelewa kufika kwa ubovu wa vichochoro, tunangoja nini ili tujifunze?

Tena uko ugomvi wa LUKU. Katika nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja, kila mwezi wanachangishana. Betri moja ya pikipiki hula uniti 2 hadi 4 kila inapojazwa. Mwenye pikipiki anasema achange sawa na wenzake, wenzake wanasema alipe zaidi, na mwenye nyumba anaamua kwa kumfukuza. Kijana aliyefanya jambo jema la kuacha petroli anaadhibiwa kwa wema wake. Ndiyo kusema, kituo kimoja cha kuchajia chenye usalama, kilichowekwa karibu na kijiwe cha bodaboda au sokoni, kinawafaa watu wengi kuliko chaja ishirini za ukutani nyuma ya mageti ya chuma. Penye uchache wa nguvu, kinachowahudumia wengi kitangulie.

WANAOBEZA NAO WAKOSEA

Haya niliyoyasema yasiwe chakula cha wale wanaobeza. Wapo wasemao kwamba magari ya umeme ni mambo ya Ulaya, na kwamba nchi ambayo umeme wake hukatika haina haja ya kuyafikiria. Nao wamepotea njia, ila kwa upande wa pili.

Petroli na dizeli zote tunazochoma katika magari yetu huja kwa meli kutoka nje, nazo hulipiwa kwa fedha za kigeni. Wazee wetu wanakumbuka misukosuko ya bei ya mafuta ya mwaka 1973 na mwaka 1979, na siku zile ambapo magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili alasiri ili kubana matumizi. Hatukuwa na la kufanya, kwa sababu bomba lilikuwa mikononi mwa wengine. Leo umeme wetu unatoka Rufiji, Kidatu na Mtera, na katika gesi ya Songo Songo na Mtwara. Gari linaloendeshwa kwa maji ya mto wetu halitetemeki kwa vita vya nchi za mbali. Mwenye kulikataa gari hilo kwa sababu transfoma ya mtaa ni ndogo ni sawa na mwenye kuikataa shule kwa sababu madawati ni machache. Dawa ni kuongeza madawati.

Wala haifai kudhani kwamba sisi peke yetu ndio tunaosumbuliwa na swali hili. Uingereza ni nchi yenye gridi kubwa na ya zamani. Hata hivyo anayefunga chaja nyumbani huko anapaswa kuiarifu kampuni ya nyaya za eneo lake. Tangu tarehe 30 Juni 2022 sheria yao inataka chaja mpya za nyumbani ziwe na akili ya kujipangia saa, zikiwa zimetegwa tangu mwanzo zikwepe saa za jioni ambapo watu wote wanapika, na zipishane kwa dakika kadhaa ili zisiwake zote kwa mkupuo mmoja. Kama taifa tajiri limeona kwamba kisanduku cha ukutani ni jambo la umma, sisi tunapata wapi jeuri ya kukiita jambo la mtu binafsi? Jirani zetu Kenya waliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, na bei ya saa za matumizi madogo wakaifanya nusu ya ile ya kawaida. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku mwaka 2024 kuingiza magari madogo ya petroli na dizeli. Siwasifu wote kwa kila jambo. Nasema tu kwamba wamekaa wakafikiri, wakaamua.

BEI INAYOTUCHANGANYA

Kwetu hapa bei yenyewe inahitaji kutazamwa upya. Bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016 ziliweka kundi la watumiaji wadogo wa nyumbani, wanaolipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Watumiaji wa kawaida waliwekewa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Nia ilikuwa njema kabisa: kumlinda mnyonge mwenye taa nne na redio.

Sasa mtazame mwalimu aliyekopa akanunua gari dogo la umeme. Uniti 6 kwa siku, kwa siku 26, ni uniti 156. Anatolewa mara moja katika kundi la watumiaji wadogo, na hata zile taa zake nne zinahama kutoka shilingi 100 kwenda shilingi 292. Bado anapata faida kubwa. Uniti 156 kwa shilingi 292 ni shilingi 45,552. Mwendo huohuo wa kilomita 1,040 kwa gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita unataka lita 86 na zaidi, ambazo hata kwa shilingi 2,500 tu kwa lita zinapita shilingi 215,000. Kwa hiyo silii juu ya ukubwa wa bei. Nalalamikia upofu wake. Kwa mtumiaji wa nyumbani bei zile hazikutofautisha saa moja ya usiku, mtaa wote unapopika, na saa nane ya usiku, mtaa wote umelala na transfoma imepoa. Anayesubiri usiku wa manane kwa kumhurumia jirani analipa sawasawa na anayechomeka gari jioni. Tunawezaje kuwataka watu wawe wema, ilhali wema haupunguzi hata senti?

LIFANYIKE NINI

Lawama bila ya shauri ni kelele. Nina mashauri matano.

Kwanza, kila anayetaka kufunga chaja inayozidi ampea 16 alazimike kuliarifu shirika la umeme kabla ya kufunga, naye ajibiwe katika muda uliowekwa, usiozidi wiki mbili. Fomu iwe ya ukurasa mmoja. Ikigeuzwa kuwa njia ya kuombea chai, watu wataikwepa, na tutarudi gizani.

Pili, shirika liwe na daftari la kila transfoma: ukubwa wake, njia zake tatu, na chaja zilizopo katika kila njia. Mara nyingi haihitajiki transfoma mpya. Kumhamisha mteja mmoja kutoka njia iliyoelemewa kwenda njia iliyo nyepesi kunatosha. Na pale inapohitajika transfoma kubwa zaidi kwa ajili ya chaja, gharama isisukumiwe kwa mama muuza barafu. Anayetaka zaidi ya fungu lake achangie zaidi.

Tatu, chaja isiwashwe mpaka fundi mwenye leseni ametia saini hati ya upimaji, hasa upimaji wa waya wa ardhini na kifaa cha kukata umeme. VETA waandae mafunzo mafupi juu ya kazi hii, ili mafundi hodari wa mitaani, ambao wengi wanakosa karatasi na si akili, wapate elimu na leseni. Tusiwafukuze. Tuwafundishe.

Nne, iwekwe bei ya usiku, kwa mfano kuanzia saa tano hadi saa kumi na moja alfajiri, iliyo nafuu kweli kwa wote wanaochaji vyombo vya usafiri, mwenye gari na mwenye pikipiki kwa pamoja.

Tano, vituo vya pamoja vitangulie. Nyumba za watumishi zinazojengwa sasa ziachiwe bomba tupu la kupitishia nyaya na nafasi katika meni swichi, jambo linalogharimu kidogo wakati wa ujenzi na linalogharimu sana baada ya plasta kukauka. Nyumba za walimu zilizo katika eneo moja la shule ziwe na kituo kimoja cha pamoja chenye mita yake, badala ya kila mwalimu kutoboa ukuta wake. Ofisi za umma zitakazonunua magari ya umeme zisifunge chaja majumbani mwa wakubwa kwanza na kuwasahau madereva wa kituo cha afya.

Ndugu zangu watumishi na walimu, nimewaelekeza ninyi maneno haya kwa makusudi. Ninyi ndio mtakaokuwa wanunuzi wa magari haya kwa mikopo, na ninyi ndio mtakaozijaza na kuzipitisha hizo fomu. Mwalimu atakapoulizwa na mwanafunzi kwa nini taa zinafifia jioni, asijibu kwamba ni kawaida. Amfundishe mkondo, volti na njia tatu. Afisa atakapoletewa shauri la chaja, asiangalie gari la mwombaji ni la aina gani. Aangalie nguzo ya mtaani ina uwezo gani.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika transfoma msemo huo una upande wake wa pili: chaja moja, chaja mbili, chaja tatu, na kibaba kinapasuka. Wakati wa kuweka utaratibu ni huu, ambapo magari yenyewe bado yanahesabika kwa vidole katika mitaa mingi. Tukingoja yawe maelfu, tutakuwa tunapanga foleni tena, na safari hii foleni itakuwa ya kwenda kuomba taa. Basi kila mwenye gari la umeme ajiulize swali moja kabla ya kuchomeka waya jioni ya leo: nikibonyeza hapa, nani atakaa gizani?